Kiwi au Maumivu? Mwanga Baada ya Kutolewa Mtoto wa Jicho

Mgonjwa aliyetolewa mtoto wa jicho kwa kawaida hurudi nyumbani na chupa ya matone, miwani nyeusi na agizo la kuepuka mwanga mkali. Chupa imeandikwa mara ngapi kwa siku. Agizo la mwanga halina maelezo. Halimwambii kama usumbufu wa siku ya 1 na wa siku ya 5 ni kitu kimoja, wala lini avumilie na lini aite gari aende hospitali.

Tuufuate basi upasuaji wenyewe, kuanzia matone ya kwanza hadi lenzi bandia inapokaa mahali pake, kwa kuwa karibu kila hatua huacha usumbufu wake wa mwanga, na kila usumbufu una muda wake wa kupoa. Kabla ya hapo, tutenganishe mambo mawili ambayo wagonjwa huyasimulia kwa pamoja. La kwanza ni kiwi: mwanga umezidi, mtu anafinya macho na haoni sawasawa, lakini haumwi. La pili ni maumivu: mwanga ukiingia jicho linachoma au linavuta kwa ndani, machozi yanatiririka, na mtu analifumba kwa nguvu. Kiwi hutaka kivuli na subira. Maumivu hutaka dawa, na mara nyingine hutaka daktari siku hiyohiyo.

Mboni iliyoachwa wazi

Mtoto wa jicho ni ukungu wa lenzi, na lenzi imekaa nyuma ya mboni, kwa hiyo daktari hawezi kuifikia mpaka mboni ipanuliwe. Kabla ya kuingia chumba cha upasuaji mgonjwa hutiwa matone ya tropikamaidi, saiklopentoleti au fenilefrini, aghalabu zaidi ya aina moja. Baadhi hulegeza msuli unaobana mboni, nyingine huuchochea ule unaoipanua. Upasuaji huisha mapema kuliko dawa hizi, na mboni hubaki wazi.

Hesabu yake ni nyepesi. Mboni ambayo juani ingebana hadi milimita 2.5, ikiachwa wazi kwa milimita 7, hupitisha mwanga karibu mara 8 zaidi. Jua la saa sita mchana hufika laksi 100,000, ilhali ndani ya wodi yenye dirisha huwa ni mia chache tu. Anayetoka mlangoni na mboni isiyoweza kubana anaupokea mwanga huo wote bila kinga. Hapo hakuna kidonda kinachoguswa. Ni kiwi kitupu.

Nguvu ya tropikamaidi huisha kwa saa 4 hadi 8 hivi. Saiklopentoleti huweza kuchukua siku nzima. Atropini, ambayo hutumika kwa sababu maalumu tu, huweza kuiacha mboni wazi kwa wiki moja au zaidi. Rangi ya jicho nayo ina sehemu yake. Katika macho meusi na ya kahawia, dawa hunaswa na melanini iliyomo kwenye irisi, yaani lile duara la rangi linaloizunguka mboni, kisha huachiliwa kidogokidogo. Ndiyo maana huchelewa kuanza kazi na huchelewa kuisha. Mtu wa Mwanza au Kisumu ambaye mboni yake ni pana bado asubuhi ya pili hana sababu ya kuhofu, mradi haumwi.

Kuna pia jambo dogo linalowatisha watu bure. Wakati wote wa upasuaji jicho limekuwa chini ya taa kali ya hadubini. Baadaye wengine huona kila kitu kina wekundu au rangi ya waridi kwa saa kadhaa. Retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, imechoshwa na taa ile tu, na hali hiyo hupita yenyewe.

Lenzi ya zamani inapoondoka

Lenzi ya mtoto mdogo ni angavu. Umri unavyosonga protini zake hubadilika, inageuka njano, halafu kahawia, na inazidi kunyonya mwanga wa buluu na urujuani. Mboni nayo huwa ndogo zaidi uzeeni. Kwa jumla, retina ya mtu wa miaka 60 hupata takriban theluthi moja tu ya mwanga unaoifikia retina ya kijana wa miaka 20. Mtoto wa jicho hupunguza tena juu ya hapo. Ni kioo cha taa ya chemli kilichoshika masizi kwa miaka mingi: siku kinapofutwa hakuna aliyeongeza mafuta wala kupandisha utambi, lakini waliomo chumbani wote hufinya macho.

Mgonjwa anaweza kuuliza: mbona hata kabla ya upasuaji jua lilikuwa linanisumbua? Ni kweli, ila chanzo kilikuwa kingine. Lenzi yenye ukungu hutawanya mwanga ndani ya jicho, na taa moja ya gari huenea ikafunika barabara nzima. Upasuaji huondoa mtawanyiko huo na papo hapo huongeza kiasi cha mwanga. Ubongo uliojizoeza na mwanga hafifu kwa miaka huhitaji siku kadhaa, hata wiki kadhaa, ili ujipange upya. Aliyefanyiwa jicho moja anaweza kujipima mwenyewe kwa kuangalia kanzu nyeupe. Kwa jicho ambalo halijapasuliwa ataiona ina unjano. Kwa lililopasuliwa ataiona nyeupe yenye ubuluu kidogo.

Mchoraji Claude Monet aliyapitia haya mbele ya macho ya dunia. Aligunduliwa kuwa na mtoto wa jicho mwaka 1912, akaogopa kisu, na hakukubali hadi mwaka 1923, Charles Coutela alipompasua jicho la kulia huko Ufaransa. Lenzi bandia haikuwepo enzi hizo. Iliyoharibika ilitolewa na nafasi yake ikabaki tupu. Monet alilalamika kwamba rangi zimeharibika, mara njano tupu, mara buluu iliyopindukia, akaishia kuvaa miwani yenye vioo vya rangi. Lenzi ya asili ndiyo inayonyonya sehemu kubwa ya miali ya urujuanimno iliyo kati ya nanomita 300 na 400. Ikitoka bila mbadala, retina hukosa ukuta huo.

Harold Ridley alipopandikiza lenzi bandia ya kwanza jijini London mwaka 1949, alimrudishia mgonjwa uwezo wa kulenga. Kichujio cha urujuanimno kiliongezwa ndani ya lenzi hizo miaka mingi baadaye, na siku hizi ni jambo la kawaida. Baadhi hutiwa hata unjano ili kupunguza buluu. Kwa hiyo ile imani kwamba jicho lililopasuliwa halina kinga tena na litabaki dhaifu mbele ya jua maisha yote ina ukweli kwa zama za Monet. Kwa aliyewekewa lenzi ya kisasa, kiwi cha wiki za mwanzo kina mwisho.

Mkato na uso wa jicho

Lenzi hutolewa kwa njia kuu mbili. Katika njia ya kwanza daktari hupasua tundu la milimita 2.2 hadi 3, huivunja lenzi kwa mitetemo ya ultrasaundi, huifyonza, kisha huingiza lenzi bandia ikiwa imekunjwa. Katika njia ya pili huchonga handaki la milimita 6 au 7 kwenye sehemu nyeupe ya jicho na kukitoa kiini cha lenzi kikiwa kizima. Handaki hilo hujifunga lenyewe bila nyuzi. Njia hii hutegemea mkono wa daktari kuliko mashine. Imeenea kwenye kambi za macho na katika hospitali ambako watu huja wamechelewa, lenzi zikiwa zimekomaa na kuwa ngumu.

Kwa habari ya mwanga, ugumu wa lenzi na muda wa kazi ndani ya jicho huwa na uzito kuliko jina la njia iliyotumika. Upande wa ndani wa konea, kile kioo cha mbele cha jicho, umetandikwa safu moja ya seli zinazosukuma maji nje ili konea ibaki angavu. Kwa mtu mzima seli hizo zikifa hazizaliwi upya. Zikitikiswa na mitetemo au kuguswa sana, huzembea kwa muda, maji hujaa, na konea huwa na ukungu unaotawanya mwanga. Mgonjwa huona duara la rangi kuzunguka taa, na hali huwa mbaya zaidi asubuhi, kwa kuwa usiku kucha kope zilifungwa na maji hayakupata pa kukaukia. Mchana unavyosonga anapata nafuu. Uvimbe wa aina hii mara nyingi huisha ndani ya siku chache. Lenzi ikiwa ilikuwa ngumu sana, huweza kuchukua wiki kadhaa.

Nje ya konea kuna habari nyingine. Eneo hili lina nyuzi za fahamu nyingi kupita kiasi. Povidoni-iodini ya asilimia 5 inayosafishia jicho dhidi ya vijidudu huliwasha, matone ya ganzi hupunguza kasi yake ya kupona, na mkato hukata baadhi ya nyuzi zile zinazoamuru machozi kutoka. Matokeo yake ni jicho kavu linalokwaruza, kana kwamba lina mchanga. Mwanga hapa huuma kwa juujuu, na mtu akifumba jicho kwa dakika chache anapata ahueni. Mikwaruzo hupona haraka. Ukavu huweza kudumu wiki nyingi, hata miezi mitatu. Moshi wa kuni, vumbi la kwenye bodaboda na feni inayopuliza usoni huuzidisha. Machozi ya bandia, kwa maelekezo ya kliniki, hufanya kazi ambayo miwani nyeusi haiwezi.

Irisi ikivimba

Maumivu yanayostahili kuangaliwa kwa makini zaidi hutoka kwenye irisi. Mwili hauna namna ya kujua kwamba aliyeingiza chombo ndani ya jicho ni tabibu. Huliona jeraha, na hujibu kama jeraha. Mishipa midogo ya damu ya irisi huvujisha protini na seli nyeupe kwenye maji ya mbele ya jicho. Daktari huziona zikielea anapomulika kwa mwali mwembamba kwenye mashine ya uchunguzi. Uvimbe wa kiasi hutokea kwa kila aliyepasuliwa. Huelekea kuwa mkubwa zaidi kwa mwenye irisi nyeusi, kwa mwenye kisukari, kwa aliyewahi kuugua uvimbe wa ndani ya jicho, na pale upasuaji ulipokuwa mgumu.

Mwanga unapoingia, msuli wa irisi hubana ili kupunguza mboni. Msuli uliovimba ukilazimishwa kubana huuma, na maumivu yake ni ya ndani, mazito, yanayopanda hadi kwenye paji la uso. Kufumba jicho hakumpi mgonjwa ahueni kama ile ya mkwaruzo.

Mboni mbili za mtu hutembea pamoja: ukimulika jicho la kushoto, la kulia nalo hubana. Kwa sababu hiyo mwenye uvimbe wa irisi anaweza kulifunika kabisa jicho lililopasuliwa, na bado likamuuma pale jicho zima linapokutana na jua. Daktari huutumia ukweli huu kama kipimo. Anamulika jicho zima na kuuliza lile jingine linasemaje. Likiuma, chanzo kiko kwenye irisi, si kwenye uso wa konea. Kwa mgonjwa aliye nyumbani, funzo ni kwamba pamba na plasta juu ya jicho moja hazitoshi. Macho yote mawili yanahitaji kivuli.

Tiba ya msingi ni matone ya steroidi, kwa mfano prednisoloni ya asilimia 1. Ratiba inayotumika sana ni mara 4 kwa siku, kisha dozi hupunguzwa hatua kwa hatua hadi wiki ya 4 hivi. Dawa hii ni chembechembe zilizoelea kwenye maji, hivyo chupa isipotikiswa vizuri mgonjwa hujitilia maji ya juu na kuiacha dawa chini. Kama kuna matone ya aina nyingine, ni vema kupisha dakika 5 kati ya aina moja na nyingine, la sivyo la pili hulisukuma la kwanza nje.

Hapa ndipo matibabu mengi huharibika. Kufikia siku ya 7 jicho limetulia, mwanga hausumbui tena, na chupa inawekwa kabatini. Kutulia huko kulitokana na dawa. Ikikatwa ghafla, uvimbe huweza kurudi, na mgonjwa aliyekuwa amevua miwani anairudia. Upo pia upande wa pili: steroidi huweza kupandisha shinikizo la jicho kwa baadhi ya watu. Kwa hiyo kujinunulia chupa nyingine dukani ili kuendelea bila kipimo ni hatari kama kuacha mapema.

Mwanga wa pembeni

Kuna wanaolalamika kwa namna tofauti kabisa. Jicho haliumi, haliwi jekundu, na mchana hawasumbuki, ila usiku taa za magari huwaletea mstari au tao la mwanga upande mmoja. Wengine huona kivuli cheusi chenye umbo la mwezi mwandamo pembeni, upande wa sikio. Chanzo ni lenzi bandia yenyewe. Nyingi zimetengenezwa na ukingo wa mraba ili kuzuia seli zisitambae na kuutia ukungu mfuko wa lenzi ya zamani uliobaki nyuma ya lenzi bandia. Ukingo huohuo ukipigwa na mwanga wa pembeni huuakisi ndani. Akriliki inayokunjika, yenye uwezo mkubwa wa kupinda mwanga, huakisi zaidi kuliko plastiki ngumu iliyotumika tangu enzi za Ridley. Lenzi za kuonea mbali na karibu kwa pamoja nazo huleta pete kuzunguka taa, kwa kuwa zimekusudiwa kuugawa mwanga.

Kwa walio wengi ubongo hujifunza kuzipuuza alama hizo ndani ya wiki au miezi. Matone hayazitibu, kwa sababu hakuna kilichovimba. Dereva wa usiku ndiye wa kuelezwa mapema, tena kabla ya aina ya lenzi kuchaguliwa.

Jicho linaelekea wapi?

Kwa mgonjwa aliye nyumbani, ukali wa usumbufu leo si kigezo kizuri. Kigezo ni kama unapungua au unapanda. Katika kupona kwa kawaida, kila siku huwa nyepesi kidogo kuliko ya jana. Mwelekeo ukigeuka, hata kama maumivu bado ni madogo, jambo jipya limetokea.

Ndani ya saa 24 za kwanza, maumivu makali yenye kichefuchefu na ukungu huashiria shinikizo la jicho lililopanda, mara nyingi kutokana na ute uliotumika wakati wa upasuaji kubaki ndani. Daktari anaweza kulishusha siku hiyohiyo.

Kati ya siku ya 2 na ya 7 ndipo maambukizi ya ndani ya jicho hujitokeza zaidi. Dalili zake hutembea pamoja: mwanga unauma kuliko jana, wekundu unaongezeka, na uoni uliokuwa unafunguka unaanza kufifia. Ni nadra, na imezidi kuwa nadra tangu utafiti mkubwa wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2007, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 16,000, kuonyesha kwamba sefuroksimu inayodungwa ndani ya jicho mwishoni mwa upasuaji hupunguza hatari takriban mara 5. Lakini anayepatwa hana muda wa kusubiri kliniki ya wiki ijayo. Saa chache huamua kama jicho litaona.

Usumbufu unaorudi baada ya wiki ya 3 au ya 4, hasa dawa ilipoachwa, mara nyingi ni uvimbe uliozuka tena au kipande cha lenzi kilichosalia. Na kiwi kinachorudi polepole baada ya miezi au miaka, bila maumivu, mara nyingi ni ule mfuko wa nyuma uliopata ukungu. Hutobolewa kwa miale ya leza kwa dakika chache, bila kisu.

Miwani, kofia na desturi za nyumbani

Weusi wa kioo si kipimo cha ubora. Kinachozuia urujuanimno ni kichujio, na alama ya kutafuta ni UV400. Kioo cheusi kisicho na kichujio huifanya mboni itanuke nyuma yake na kukaribisha miali ile isiyoonekana. Daraja la 3 la miwani ya jua, linalopitisha asilimia 8 hadi 18 ya mwanga, linatosha kwa mchana wetu. Iwe pana, izibe pembeni, kwa sababu mwanga hautoki juu peke yake: mchanga mkavu wa pwani huakisi takriban asilimia 15 ya urujuanimno, na povu la bahari asilimia 25. Kofia ya pama, au kanga iliyoshushwa hadi kwenye nyusi, hupunguza mwanga wa juu kabla haujaifikia miwani.

Ndani ya nyumba miwani ivuliwe mapema iwezekanavyo. Kumfungia mzee chumba chenye mapazia kwa wiki nzima hufanya macho yake yazoee giza, na siku ya kutoka jua humchoma zaidi. Wanja wa manga, maji ya majani na dawa zote za kienyeji zikae mbali na jicho mpaka mkato upone. Ndizo njia rahisi za kupitishia vijidudu.

Hospitali nazo zina la kufanya, na halihitaji bajeti. Karatasi ya ruhusa inayosema "epuka mwanga mkali" iongezewe mistari mitatu: mwanga ukikutia kiwi bila kuuma, vaa miwani na usubiri, ukikukwaruza juujuu, endelea na matone na uulize kuhusu ukavu, ukikuuma leo kuliko jana, njoo leo, hata kama tarehe yako bado. Namba ya simu ya zamu ya usiku iandikwe chini yake, kwa herufi kubwa ambazo jicho lililopasuliwa juzi linaweza kuzisoma.